Mtandao wa Nyumba ya Chini

Jumanne ile asubuhi Mzee Andongwisye Mwakalobo alikaa sebuleni kwake Kawetele, redio ameizima, mikono imeshika magoti, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Alikuwa anasikiliza, lakini hakuna alichosikia zaidi ya mvua juu ya migomba. Huko nyumba ya chini, hatua chache tu kutoka hapo, mkamwana wake Lilian alikuwa amekaa mbele ya laptopu mpya, na watu wa kampuni moja ya Dar es Salaam walikuwa wanamtazama usoni na kumhoji kama anafaa kazi.

Mlango wa uani ukafunguka. Mkewe, Tupokigwe, akaingia na kanga iliyolowa mabegani, akasimama bila kukaa.

"Imekatika," akasema.

"Imekatika nini, mama Obed?"

"Hiyo intaneti yenu. Yule mama wa Dar aliganda mdomo wazi kama samaki wa kukaanga. Akarudi, akaganda tena. Wamesema watajaribu mara ya mwisho Alhamisi, saa nne. Ikikatika, wanachukua mtu mwingine."

Mzee Andongwisye aliinuka akaenda dirishani, akakitazama kile kidude cheupe cha intaneti, kinachoitwa ruta, kilichokaa juu ya kitambaa cha kufuma. Taa zake zote zilikuwa zinawaka kijani, zimetulia, kana kwamba hakuna lililotokea duniani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupokea simu za wateja kwa njia ya mtandao, mtu akiwa nyumbani kwake. Kampuni haikujali kama unakaa Kariakoo au Kawetele, ilimradi pale utakapokaa kila siku pawe na mtandao wenye nguvu. Ndiyo maana walikataa mtu kwenda kuhojiwa kwenye duka la intaneti mjini au kwenye chumba cha hoteli. Walimpima mtu pamoja na mahali alipo.

Na Lilian alikuwa mjane. Obed, mtoto pekee aliyekuwa amebaki kwa Mzee Andongwisye na Tupokigwe, alikufa mwaka juzi kwa ajali ya lori, akamwacha mkewe na binti mmoja, Tulia, ambaye sasa alikuwa darasa la kwanza. Lilian alikuwa akifundisha chekechea ya mtu binafsi mpaka ikafungwa. Tangu hapo kaka yake, Ackson, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Makambako, hakuacha kumpigia simu: njoo na mtoto, kaunta inakungoja, huko unakaa kwa nani? Lilian alimjibu kaka yake kwamba akipata kazi ya Dar atabaki, na asipopata hana neno la kumkatalia. Ackson akasema vyema, Jumamosi atakuja na gari.

Kwa hiyo Jumamosi ile ama Tulia angekuwa anacheza uani, ama uani pangekuwa kimya mpaka wazee wale wawili wafe. Mzee Andongwisye alilijua hilo kama anavyolijua shamba lake la chai. Hakuwa na mjukuu mwingine. Akiondoka Tulia, basi Obed ameondoka mara ya pili.

Maneno hayo yote ya Lilian yalimfikia kwa mdomo wa Tupokigwe. Yeye mwenyewe hakuwahi kuzungumza na mkamwana wake hata siku moja. Katika wilaya ya Rungwe wapo wazee wengi siku hizi walioilegeza desturi hiyo, wanakula meza moja na wake za watoto wao na hakuna anayeshangaa. Lakini ukoo wa Mwakalobo haukulegeza. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake, wala hakai alipokaa, wala hapiti alipo. Akimwona kwa mbali anajifunika kanga na kuingia migombani mpaka apite. Baba mkwe naye, kama ana adabu, anakohoa kabla ya kutoka nje, ili mwenzake apate nafasi ya kujiondoa. Mzee Andongwisye alikuwa anakohoa kila asubuhi mlangoni kwa miaka minane, na kifua chake kilikuwa kizima kabisa.

Obed alipooa, alijenga ile nyumba ya chini kwa matofali, na kati ya nyumba mbili akasimamisha ukuta wa bati mrefu kuliko mtu, kuanzia jiko hadi mgombani, wenye upenyo mmoja tu wa kupitia mama yake. Baba yake ndiye aliyeutaka. Obed alipofariki, mzee akapigilia bati la pili juu ya lile la kwanza, kwa sababu kutu ilikuwa imetoboa vitundu, na mjane kijana hafai kuchunguliwa. Majirani walimsifu. Mchungaji mwenyewe alisema hajaona nyumba inayomheshimu mjane kiasi hicho.

Sasa heshima ile aliitaka iendelee, na mjukuu abaki, na kazi ipatikane, vyote pamoja. Alipouza maparachichi alikwenda Mbeya mwenyewe kununua laptopu. Hakutuma mtu. Alisimama dukani akauliza maswali mpaka muuzaji akavuta kiti. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye darasa la jioni, baada ya kupima chai za watu kutwa nzima, na tangu hapo hakuna karatasi iliyompita bila kuisoma mpaka mwisho. Kitabu cha maelezo cha laptopu alikisoma chote, kamusi ya Kiingereza pajani. Kuhusu ruta, mafundi walimweleza kwamba dirisha la sebule yake ndilo pekee linalotazamana na mnara. Nyumba ya chini imekaa bondeni. Huko simu inawekwa juu ya fremu ya mlango ndipo ujumbe uingie. Ruta ikakaa dirishani kwake, na mafundi wakamhakikishia kwamba umbali ule hadi nyumba ya chini si kitu.

Basi kama ruta ni nzima na umbali si kitu, mgonjwa alibaki mmoja. Jumatano asubuhi aliagiza laptopu iletwe juu, akaifunga kwenye taulo, akaiweka ndani ya mfuko wa nailoni, akapanda bodaboda hadi Tukuyu mjini.

Karibu na stendi kulikuwa na kibanda cha Naseeb, kijana wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja Tukuyu kushona kanzu na hakurudi tena pwani. Naseeb alimwamkia shikamoo, akaifungua laptopu, akaiunganisha na mtandao wa kibanda chake. Mpira wa miguu ukaanza kuonekana kwenye kioo, wachezaji wakikimbia bila kukwama. Vile vistari vinne vya mtandao vilikuwa vimejaa.

Mzee Andongwisye alisema laptopu haikuwa sawa. Alitaka ifunguliwe, waya wake wa kunasa mtandao ukaguliwe, kwa sababu kitabu kilikuwa kimetaja waya huo. Naseeb akasema mashine mpya haifunguliwi, mtu anapoteza dhamana. Mzee akasisitiza. Naseeb akaiwasha upya, akaipakulia programu mpya, akaizima na kuiwasha tena, akaipeleka hadi upande wa pili wa barabara, kwa mama muuza vitumbua, akarudi nayo. Mpira ulikuwa bado unachezwa.

"Mzee wangu," akasema, "hii inakimbia kuliko pikipiki yangu. Kama hapa inashika na kwako haishiki, ugonjwa uko kwako."

Wateja wawili waliokuwa wanangoja wakacheka. Mzee Andongwisye aliifunga laptopu kwenye taulo polepole, pembe kwa pembe, akaaga. Njia nzima ya kurudi, maneno yale yalimrudia. Ugonjwa uko kwako. Angetukanwa kwa jambo lingine lolote, si kwa nyumba yake.

Alipofika hakula. Aliiwasha laptopu sebuleni: vistari vinne. Akampa Tupokigwe aishushe: kistari kimoja, na chenyewe kinakuja na kuondoka. Basi ni ruta, akasema. Aliipandisha juu ya kabati. Akaifunga kamba akaining'iniza darini. Akakumbuka kwamba mtu mmoja kanisani alisema mtandao unaweza kusukumwa kama mwanga wa taa, akaegemeza mfuniko wa sufuria nyuma yake. Kila mara alimtuma mkewe nyumba ya chini kutazama, na kila mara mkewe alirudi akitikisa kichwa. Mara ya mwisho alirudi akiutazama ule mfuniko.

"Nataka kupika, baba Obed," akasema. "Kama mfuniko hauleti mtandao, naomba ufunike ndizi."

Hakucheka, naye mkewe hakuwa ametarajia acheke.

Jua lilipokuwa linazama alifikia jambo ambalo hakupenda kulifikia. Alimwambia Tupokigwe amwambie Lilian aje afanyie kazi sebuleni. Siku ya usaili na siku zote baada yake. Yeye atakuwa anatoka asubuhi, anashinda kwenye chai, mvua au jua, na hatarudi mpaka aambiwe kwamba kazi imekwisha. Aliyasema maneno hayo akitazama ukutani, kwa sababu mtu wa umri wake kujifukuza nyumbani kwake si jambo la kulisema macho kwa macho.

Tupokigwe alikwenda, akakaa sana. Aliporudi alikaa kwanza, ndipo akaleta jibu. Lilian alishukuru. Ndaga, alisema, ndaga sana. Lakini hawezi. Kukaa kila siku kwenye chumba chenye kiti cha baba, na kitanda cha baba nyuma ya pazia, hawezi. Mama yake mzazi akisikia hatainua uso kanisani. Afadhali Makambako.

Mzee Andongwisye alipolisikia jibu hilo, kifua kilimjaa fahari, kwamba mwanawe alioa binti wa watu wenye adabu, na papo hapo fahari ile ikamchoma kama kaa la moto. Adabu ileile ndiyo ilikuwa inamchukua Tulia. Alikaa na laptopu mezani mbele yake mpaka mkewe akazima taa.

Alhamisi kulikucha na upepo. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Rungwe hadi kwenye chai, na mvua ikawa inakuja na kuacha. Saa tatu hivi Tulia alishakwenda shule, na Tupokigwe alikuwa nyumba ya chini akimsaidia Lilian kutundika shuka safi ukutani, ili watu wa Dar wasione nyufa. Ikabaki kuishusha laptopu. Mzee hakuwa na mtu wa kumtuma. Aliibeba mwenyewe ikiwa wazi na inawaka, akajifunika koti juu ya kichwa na mashine, akakohoa mlangoni, akatoka.

Alikuwa anatazama vile vistari njia nzima, kama mtu anayebeba maji ya kujaa asiyamwage. Vinne mlangoni. Vinne kwenye ndoo za maji. Vinne kwenye kamba ya nguo. Alifika mpaka ukutani, bati likamgusa kiwiko, na vistari vilikuwa bado vinne. Akakohoa tena. Tupokigwe akatokeza mkono kwenye upenyo, akaipokea.

"Viko vingapi?" mzee akauliza kutoka upande wake.

"Viko viwili. Subiri. Kimoja."

"Umesimama wapi?"

"Hapa hapa. Nyuma ya bati. Wewe si unaniona miguu?"

Alikuwa anaiona miguu yake, chini ya bati, kwenye tope. Hawakuachana hata urefu wa jembe. Akamwambia airudishe. Akaipokea: vistari vikapanda, viwili, vitatu, vinne. Akampa tena: vikashuka. Wakaipokezana hivyo kwenye upenyo kama watoto wanaonyang'anyana kikombe, mpaka Tupokigwe akauliza kama mzee ameanza kuchanganyikiwa akili.

Mzee Andongwisye aliweka kiganja juu ya bati. Lilikuwa baridi na zito, mabati mawili yaliyopigiliwa pamoja. Zamani alipokuwa anasikiliza redio ya betri jikoni kwa mama yake, jiko la kuta za bati, sauti ilikuwa inakufa akiingia na kufufuka akitoka. Kila mtu alijua hilo, hakuna aliyekwenda shule kujifunza. Naye kwa siku tatu alikuwa amepanda darini, amepanda bodaboda, amesoma kitabu cha Kiingereza, na ugonjwa ameusimamisha yeye mwenyewe uani na kuupigilia misumari mara mbili.

Hakumweleza mkewe. Alikwenda stoo akarudi na nyundo na mtaimbo.

Tupokigwe alipoona bati la kwanza linatikisika alipita upenyoni akaja kumshika mkono. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilipanda. Alimuuliza kama anajua anachofanya, kumvua mjane wa mwanawe mchana kweupe. Watu wa barabarani wataona mpaka mlangoni kwake. Na yeye mwenyewe ataona.

"Mrudie," mzee akasema. "Mwambie ageuze kiti, autazame ukuta wa ndani, mgongo uwe huku. Afunge pazia. Mimi sitainua macho. Halafu kaa na hiyo mashine, uniambie vistari."

"Baba Obed, huu ukuta ulijengwa na..."

"Najua nani aliujenga."

Alijua vizuri kuliko yeyote. Obed alikuwa wa mkono wa kushoto, na misumari yake yote aliipinda ikalalia upande mmoja. Mzee aliing'oa mmoja mmoja. Mingine ilitoka na kipande cha mti, mingine ilivunjika kichwa, naye akawa anaingiza mtaimbo nyuma na kulivuta bati kwa uzito wake wote. Alivuta kofia hadi kwenye nyusi, akawa anatazama vidole vyake tu. Bati la kwanza likaanguka topeni. La pili. Kiganja kikachanika, akakifuta kwenye suruali. Kifua, ambacho kwa miaka minane kilikohoa kwa adabu tu, sasa kilikuwa kinakohoa kweli.

"Viwili," Tupokigwe akaita kutoka ndani.

Aliendelea. Mvua iliongezeka, mpini wa nyundo ukawa unateleza. Upande ule wa mgombani misumari ilikuwa imeshikana na kutu, na hapo alipoteza muda mrefu, akigonga na kuomba, akigonga na kuomba, bila kujua lipi ni lipi. Alikuwa anasema kwa sauti ndogo, Mungu, usimpeleke, usimpeleke, na hakueleza ni nani asipelekwe.

"Vitatu. Baba Obed, wanapiga. Wanapiga sasa."

Yalibaki mabati mawili katikati, mbele ya dirisha lenyewe. Alilivuta moja, likaja lote. Lile la mwisho lilitoka chini na pembeni, likabaki limening'inia kwa msumari mmoja juu, na upepo ukaanza kulibamiza kwenye nguzo kwa kishindo ambacho hakuna simu ya kazi ingekivumilia. Mtaimbo ulikuwa umeanguka mbali. Akalikumbatia bati lile kwa mikono miwili, akageuza mgongo wake kwa nyumba ya chini, akatulia hivyo, uso kwenye bati, mvua ikimwingia kwenye kola.

"Vinne," sauti ya mkewe ikasema, chini kabisa.

Halafu alimsikia mkamwana wake.

Kwa miaka minane Lilian alikuwa kwake mtu wa minong'ono nyuma ya ukuta. Sasa alikuwa anajitaja jina, anaeleza shule alizosoma, anajibu haraka na bila woga. Yule mama wa Dar alijitambulisha kuwa ni Rehana. Alijifanya mteja mkorofi aliyeletewa mzigo usio wake, akafoka. Lilian akampoza, akamuuliza hili na lile, akampeleka taratibu mpaka mama yule akacheka. Na Lilian naye akacheka. Mzee Andongwisye hakuwa ameijua ile sauti ya kucheka. Ilikuwa nene, ya mtu mzima mwenye akili zake, na ndiyo iliyokuwa ikimfanya Obed abaki nyumbani Jumapili badala ya kwenda kwa wenzake. Alilifahamu hilo akiwa amekumbatia bati, miaka minane baadaye.

Rehana akasema mtandao ni mzuri, si kama Jumanne. Akasema limebaki jambo moja dogo la kumbukumbu. Kampuni ndiyo itakayolipia intaneti kila mwezi, kwa hiyo lazima laini ijulikane ni ya nani. Imesajiliwa kwa jina la nani?

"La baba mkwe wangu," Lilian akasema.

"Sawa. Jina lake kamili? Litamke tu, tunarekodi."

Hapo pakawa kimya.

Mzee Andongwisye alikaza masikio. Alisikia mvua. Akasikia Rehana akiuliza, dada Lilian, unanisikia? Kisha akasema, nadhani umeganda, naona midomo haichezi. Akamwambia mtu aliyekuwa naye kwamba mtandao umerudi kulekule kwa Jumanne.

Mzee alibana bati kifuani, akidhani kweli umekatika, akidhani ni hili bati moja lililobaki, alivute, alivunje. Ndipo akakumbuka. Mtandao haukukatika. Mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake. Halitamki hata akiwa peke yake shambani. Wengine huepuka hata maneno yanayofanana nalo. Lilian alikuwa ameketi pale mzima, anasikia kila kitu, na mdomo wake haukuweza. Angelitamka, angekuwa amempiga baba mkwe kofi usoni. Asipolitamka, Jumamosi gari linakuja. Na Tupokigwe naye alikuwa humo ndani, mke anayemwita mumewe baba Obed kwa zaidi ya miaka arobaini, amekaa na mikono pajani.

"Dada Lilian, nakata basi. Pole sana."

Mzee Andongwisye hakugeuka. Alilipeleka jina lake juu ya bega, kwa ile sauti aliyokuwa akiitangazia uzito wa magunia kwenye mzani wa chai, wakulima mia wakimsikiliza.

"Andongwisye Mwakalobo. Mwenye laini ni Andongwisye Mwakalobo. Yuko hapa uani, na amekubali."

Sauti ilipita pale ukuta ulipokuwa, ikaingia dirishani. Yeye mwenyewe aliona aibu hadi miguuni, kama mtu aliyesimama kanisani bila shati.

Kisha Rehana akauliza, huyo aliyejitaja ni nani?

Lilian alichelewa kidogo. Aliposema, sauti yake ilikuwa imetulia tena, ile ya kazi.

"Ni baba," akasema. "Andika alivyosema yeye."

Rehana akaomba jina lirudiwe taratibu. Mzee Andongwisye akalirudia, silabi kwa silabi, uso kwenye bati, na kule Dar es Salaam mtu akaliandika.

Usaili ulipokwisha hakuweza kuondoka alipo. Kurudi nyumbani ilimpasa kugeuka, na kugeuka ni kulitazama dirisha. Alibaki amesimama na lile bati mpaka Tupokigwe alipokuja, akalikamata upande wa pili, wakalishusha pamoja topeni. Akamwambia kwamba Lilian amejifunika na kuingia chumba cha ndani, apite. Akamwambia pia kwamba wamempa kazi, anaanza Jumatatu, na kwamba tangu wakate simu analia, wala yeye Tupokigwe hajamuuliza analia nini. Kilio kingine mtu hakiulizi.

Mzee alitikisa kichwa kukubali.

Walitembea taratibu katikati ya mabati yaliyolala chali, yakijaa maji. Karibu na mlango Tupokigwe alisimama akayatazama. Aliuliza sasa itakuwaje. Kila asubuhi watakuwa wanaonana kama watu wa hotelini. Apande migomba hapo kati? Au mzee atayarudisha kazi ikishazoeleka?

Mzee Andongwisye alikuwa anakitazama kiganja chake kilichochanika, mvua ikikiosha.

"Banda la nguruwe linavuja," akasema. "Yaende kule."

Akaingia ndani kutafuta kitambaa cha kufungia mkono.